Sura ya Saba: Saa Mpya na Ukingo wa Nyangwe

Nunua saa ya ufunguo, ile isiyokula betri, kisha baada ya siku tatu mrudie aliyekuuzia umwambie kwamba inakimbia. Uwe Kindu, Kasongo, Kigoma au Kariakoo, jibu ni moja: ivae kwanza, bado mpya hiyo, itazoea. Mara ya kwanza nilipoambiwa hivyo niliondoka nimeridhika, maana maneno yenyewe yana sura ya kweli. Kiatu kipya hubana, kisha hulegea. Mpini wa jembe jipya huchubua kiganja wiki nzima kabla mkono na mti havijaelewana. Kwa nini saa isiwe hivyo?

Nataka tulijibu swali hilo katika sura hii, na nataka tulijibu tukiwa tumesimama Nyangwe, kusini mwa Maniema, kwenye ukingo wa kuume wa mto Lualaba. Hapakuwa na kiwanda cha saa hapo. Lakini kati ya 1871 na 1876 wasafiri watatu wa Kizungu walifika mahali hapo kwa miguu, mmoja baada ya mwingine, na ramani ya katikati ya Afrika ikawa inategemea jambo dogo ambalo wengi wetu hatulifikirii: saa walizozibeba zilikuwa zikiendaje?

Tuanze na sababu ya kubeba saa. Mtu anayetaka kujua yuko umbali gani kutoka ikweta haihitaji. Hupima urefu wa jua linapofika juu kabisa mchana, au wa nyota usiku, akapiga hesabu, akapata. Ndiyo maana latitudo za wasafiri wa zamani kwa kawaida ni nzuri. Shida iko mashariki na magharibi. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa, yaani digrii moja kila dakika 4. Nyangwe iko digrii 26 na kidogo mashariki ya Greenwich, kwa hiyo jua hupita juu ya Nyangwe saa moja na dakika 45 hivi kabla halijapita juu ya Greenwich. Ukiwa Nyangwe, jua likiwa utosini, na mfukoni una saa inayokuambia kwa uhakika huko Greenwich ni saa ngapi wakati huo huo, tofauti ya nyakati hizo mbili ndiyo longitudo yako. (Jambo hili unaweza kuliona kwa macho hata leo. Mashariki ya Kongo hufuata saa za Lubumbashi, zilizo mbele ya Greenwich kwa saa mbili kamili. Jua halifuati tangazo la serikali: kwa wastani wa mwaka, Nyangwe hufika utosini saa sita na robo.)

Sasa pima uzito wa kosa. Sekunde 4 za saa ni karibu kilomita mbili ardhini. Tuseme umetoka pwani na saa unayodhani iko sawa, kumbe inachelewa sekunde 5 tu kwa siku, kiasi ambacho mwenye saa ya mkononi leo hata hakitambui. Baada ya siku 100 za safari imekosa sekunde 500. Kwenye ramani hizo ni kilomita 230 hivi, zaidi ya nusu ya nchi yote iliyopo kati ya Nyangwe na Ziwa Tanganyika. Kwa sekunde 5 za kila siku unaweza kuuhamisha mto mzima.

David Livingstone aliondoka Unguja Machi 1866, akafika Nyangwe mwisho wa Machi 1871. Miaka mitano. Hakuwa mgeni wa kazi ya vipimo. Mwaka 1852 huko Cape Town alifundishwa na Thomas Maclear, mtaalamu wa nyota wa serikali ya Uingereza, na kwa miaka mingi Maclear ndiye aliyezikagua hesabu zake. Katika safari ya kuvuka Afrika ya miaka ya 1850 alibeba saa iliyotengenezwa na Dent wa London kwa ajili ya Royal Geographical Society, yenye kizuizi cha kuusimamisha mshale wa sekunde ili msomaji asikosee anapousoma. Jina la Dent ulishike, tutarudi kwake.

Safari ya mwisho ilimwelemea. Mwaka 1867, kwenye njia mbaya, mpagazi aliyebeba kronomita, yaani saa za vipimo, aliteleza akaanguka, kisha akaanguka tena. Saa hazikuvunjika. Ziliendelea kupiga kama kawaida, na hapo ndipo ilipo hatari, kwa sababu saa iliyosimama inakuonyesha kwamba imesimama, lakini saa iliyobadili mwendo wake hainong'oni hata neno. Livingstone aligundua baadaye kwamba longitudo zake zilikuwa zimekosea kama maili 20. Maili hizo zote hazifikii dakika moja na nusu za saa. Na kufikia siku zile alizolala Kabambare, mji ambao yeye aliuandika Bambarre, akiuguza vidonda vya miguu, kronomita zake zote zilikuwa zimekufa. Aliandika hivyo mwenyewe, akitumaini kwamba saa yake ya zamani ilikuwa imetumwa Unguja kumngoja.

Kwa hiyo mtu aliyesimama mbele ya Lualaba siku zile alijua vizuri yuko kusini kiasi gani mwa ikweta, ila hakuwa na chombo cha kumhakikishia yuko mashariki kiasi gani. Na swali lililokuwa likimla lilikuwa hilo hasa: mto huu mkubwa unaokwenda kaskazini ni Nile, au umepita mno magharibi hata hauwezi kuwa Nile? Aliomba mitumbwi, hakupata. Karatasi zilimwishia, akaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa maji ya matunda ya porini. Kwa hesabu yake ilikuwa tarehe 15 Julai 1871 alipoona bunduki zikifyatuliwa sokoni Nyangwe, akina mama wakiacha vikapu vyao na kukimbilia mtoni, mamia wakafa kwa risasi na kwa maji. Siku chache baadaye aligeuka kurudi Ujiji. Alipokutana huko na Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta, shajara zao hazikukubaliana hata tarehe: Stanley aliandika 10 Novemba, Livingstone aliandika Oktoba.

Turudi kwenye saa mpya. Neno la kulishika ni mwendo. Mafundi wa kronomita hawakuuliza kama saa iko sawa, kwa sababu walijua hakuna iliyo sawa. Waliuliza inakwenda mbele au inabaki nyuma kwa kiasi gani kila siku, na kama kiasi hicho ni kile kile leo, kesho na mtondo. Saa inayokimbia sekunde 9 kila siku bila kubadilika ni hazina: zidisha kwa idadi ya siku, ondoa, umepata saa za Greenwich. Saa inayokimbia sekunde 2 leo, ikachelewa 3 kesho, ikakimbia 4 mtondo, haimfai msafiri hata kidogo, ingawa ukizijumlisha hizo utaona ni karibu na sifuri. Wauzaji wetu wa leo na wanunuzi wetu pia tunaangalia lile la kwanza tu, yaani imekosa kiasi gani, na tunasahau hili la pili, ambalo ndilo linalokuambia kama saa ni nzima.

Mwendo huo ulipimwa kwa subira kubwa. Katika karne ya 19 kronomita zilizoshindania kununuliwa na jeshi la majini la Uingereza zilikaa kwenye majaribio huko Greenwich zaidi ya nusu mwaka, zikilinganishwa na saa kuu ya kituo, mara kwenye joto la kutengenezwa, mara kwenye baridi. Ni kwa kazi ya namna hiyo ndipo jibu la swali letu lilipoanza kuonekana wazi. Saa mpya zilikuwa zikibadilika kweli. Tena zilibadilika kwa upande mmoja: zilizidi kukimbia kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi, kisha mabadiliko yakapungua, mpaka saa ikapata mwendo wa kudumu nao. Muuza saa wa Kariakoo, basi, hakulitoa jibu lake hewani. Nyuma yake kuna ukweli wa miaka mia mbili.

Sababu yake ni hii. Ndani ya saa kuna gurudumu dogo linalopiga huku na huku bila kupumzika, na kuna springi nyembamba kama unywele, iliyojizungusha kama konokono, inayolivuta lirudi kila linapokwenda. Springi ikiwa kaidi zaidi, gurudumu hurudi upesi, saa hukimbia. Ikilegea, saa huchelewa. Zamani springi hiyo ilikuwa ya feleji, imekunjwa kwa nguvu, imetiwa motoni, imepozwa, ikatoka mikononi mwa fundi ikiwa bado ina mkazo ndani yake ambao jicho halioni. Ikianza kazi, mapigo 14,400 kila saa katika kronomita ya baharini, mkazo ule huachia polepole na ukaidi wa springi hubadilika kwa kiasi kidogo mno. Kidogo mno, lakini siku moja ina sekunde 86,400, na sehemu moja kati ya elfu themanini na sita tayari ni sekunde nzima.

Edward John Dent, ambaye karakana yake ndiyo iliyoitengeneza ile saa ya Livingstone, alisumbuliwa sana na tabia hiyo ya feleji. Katika miaka ya 1830 alijaribu springi za kioo. Hebu jaribu kuliona: utepe wa kioo uliozungushwa kama springi, ukivuta pumzi na kuitoa mara mbili kila sekunde, mchana na usiku, bila kuvunjika. Zilifanya kazi. Hazikuenea, na feleji iliendelea kutawala, lakini mimi huona heshima kubwa katika jaribio lile. Mtu alikuwa tayari kuweka kioo mahali pa chuma, ndani ya chombo cha kupandishwa melini, kwa sababu ya kosa ambalo wateja wake wengi wasingelijua kamwe.

Adui mkubwa zaidi wa springi ya feleji alikuwa joto. Saa isiyo na kinga huchelewa sekunde 10 hivi kwa siku kwa kila digrii moja ya selsiasi inayoongezeka, nawe unajua tofauti iliyopo kati ya alfajiri ya mtoni na mchana wa Maniema. Mafundi walipambana na hilo kwa magurudumu yaliyounganishwa kwa madini mawili, mpaka Charles Édouard Guillaume, Mswisi, alipotengeneza mchanganyiko wa chuma na nikeli unaotanuka kidogo mno kwa joto, uitwao invari, mwaka 1896, na baadaye elinvari, ambao ukaidi wake karibu haubadiliki kwa joto. Kwa kazi ya mchanganyiko wa namna hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1920. Springi za saa nyingi za leo ni wajukuu wa elinvari. Zaidi ya hayo, viwanda huzipitisha kwenye joto kabla hazijafungwa ndani ya saa, ili sehemu kubwa ya kule kuachia mkazo iishie kiwandani, si mkononi mwako.

Kwa hiyo saa mpya ya leo bado hutulia, lakini kiasi kilichobaki ni kidogo. Springi hubadilika kwa kiasi kidogo kuliko ile ya feleji ya siku za Dent. Mafuta, ambayo fundi aliyatia kwa ncha ya sindano, tone lisilofikia kichwa cha siafu, husambaa vizuri penye ncha za magurudumu na vito vinavyozishika. Meno ya magurudumu husuguana mpaka yakaelewana. Saa iliyokaa kwenye sanduku la duka mwaka mzima bila kutembea inaweza kuamka ikiwa nzito kwa siku chache. Ukiyaweka yote pamoja unapata sekunde chache kwa siku, katika wiki za kwanza na labda miezi ya kwanza. Dakika hupati humo.

Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu lilinigharimu. Saa yangu ya kwanza ya ufunguo ilikuwa ikikimbia dakika kadhaa kwa siku, na kwa miezi miwili niliivaa nikingoja izoee, kama nilivyoagizwa dukani. Mwishowe niliipeleka kwa fundi mmoja wa Kasongo, mzee aliyekaa nyuma ya meza ndogo yenye kioo juu, na kopo la petroli safi pembeni.

"Mzee, wameniambia bado mpya, itazoea."

Hakujibu. Alifungua mgongo wa saa, akabana kioo cha kukuzia jichoni, akanyamaza kwa muda. Kisha akanipa kile kioo na kuigeuza meza kidogo ili mwanga wa mlangoni uingie.

"Angalia hapo, mwanangu. Ule uzi."

Niliuona. Springi ile ya unywele, ambayo mizunguko yake ilipaswa kuachana kwa nafasi sawasawa kama mistari ya daftari, ilikuwa imegandana upande mmoja. Mizunguko miwili ilikuwa imeshikana kwa tone la mafuta lililopotea njia. Sehemu iliyogandana haikufanya kazi, springi ikawa kama imekatwa ikabaki fupi, na springi fupi huwa kaidi, ndiyo sababu saa ilikuwa ikikimbia kama imefukuzwa.

"Hii ungeivaa mpaka upate wajukuu," alisema, "isingezoea kitu."

Aliiosha springi, akaikausha, akairudisha. Kazi ya nusu saa. Jioni ile ile dakika zilikuwa zimekwisha, zimebaki sekunde, na sekunde zile ndizo nilizoziandika kwenye daftari kila magharibi kwa wiki sita zilizofuata. Zilipungua kidogo, zikatulia. Huko ndiko kuzoea kwenyewe. Lile la kwanza lilikuwa ugonjwa, na nililisubiri lipone lenyewe miezi miwili.

Kuna jambo la tatu, ambalo si ugonjwa wala si kuzoea, nalo huwachanganya wengi. Saa hubadili mwendo kwa jinsi inavyokaa. Ikilala chali mezani, gurudumu lake husimama juu ya ncha moja nyembamba. Ikisimama wima mkononi, huegemea pembeni mwa ncha zote mbili, na msuguano huongezeka. Ikijazwa mpaka mwisho hupiga kwa mapana, ikikaribia kuisha hupiga kwa ufinyu. Ikilazwa karibu na spika ya redio au simu, springi inaweza kushikwa na sumaku na saa ikakimbia vibaya sana. Mwenye saa mpya, katika wiki zake za kwanza, mwenyewe bado hajatulia: leo anaivaa usiku na mchana, kesho anaivua akienda kuoga mtoni, keshokutwa anasahau kuijaza. Baada ya miezi miwili ana mazoea. Saa huonekana imezoea mkono, kumbe mkono ndio uliozoea saa.

Uswisi hulijua hilo. Kituo chao cha kupima kronomita, COSC, huichunguza kila mashine kwa siku 15, katika mikao 5 na joto la digrii 8, 23 na 38, na kuikubali ikiwa wastani wa mwendo wake kwa siku hauchelewi zaidi ya sekunde 4 wala haukimbii zaidi ya sekunde 6. Digrii 8 mtu wa Nyangwe hataziona maisha yake yote, na joto la juani analifahamu. Mwendo wa saa katika karatasi ya kiwanda na mwendo wake juani ni vitu viwili.

Verney Lovett Cameron, afisa wa jeshi la majini la Uingereza, alifika Nyangwe Agosti 1874 akiwa na elimu hiyo ya baharini kichwani. Baharini kronomita hulala ndani ya sanduku lake, ikining'inia kwenye pete za shaba ili meli ikiyumba yenyewe ibaki sawa. Njia ya Maniema haina pete za shaba. Ina kichwa cha mpagazi, matope, vijito vya kuvuka kwa mti mmoja. Dawa ya wasafiri wa namna yake ilikuwa kupiga kambi siku kadhaa mahali pamoja, kupima jua tena na tena, na kuuliza upya: sasa, baada ya misukosuko hii, saa yangu inaendaje? Alipima pia umbali kati ya mwezi na nyota, njia ngumu ya kupata saa za Greenwich kutoka mbinguni bila kuitegemea saa hata kidogo. Na hoja yake nzito kwamba Lualaba si Nile haikutoka kwenye saa. Alipima mwinuko wa Nyangwe akaona uko chini kuliko Nile ya Gondokoro, na mto haupandi mlima. Naye, kama Livingstone, alinyimwa mitumbwi. Aliongozana na Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa kutoka Unguja, kwenda kusini, akatokea pwani ya Atlantiki Novemba 1875.

Waungwana wa pwani na wafanyabiashara wa Unguja waliokaa Nyangwe siku zile walikuwa na wakati wao, na naona unalipa swali letu mwanga ambao mafundi wa London wasingeutoa. Kwa Waarabu na Waswahili saa iliwekwa upya jua linapozama: jua likichwa, mishale ikae kwenye kumi na mbili. Karibu na ikweta kuchwa kwa jua husogea kwa kiasi kidogo tu mwaka mzima, kwa hiyo saa inayorekebishwa kila magharibi haiwezi kukosa zaidi ya inavyokosa katika siku moja. Ikikimbia dakika 2, jioni inarudishwa, yamekwisha. Saa ya namna hiyo haina haja ya kutulia. Ile ya Livingstone ilibeba saa za Greenwich kutoka pwani, na hakukuwa na mtu yeyote njiani wa kumuuliza kama bado ni zenyewe. Kila siku iliyopita iliongeza kosa la jana juu ya kosa la juzi.

Miaka miwili baada ya Cameron saa ikaingia hata katika mkataba. Stanley alifika Oktoba 1876, akiwa amepatana na Tippu Tip amsindikize kwenda kaskazini kwa dola 5,000. Kipimo cha safari hakikuwa maili. Walipatana mwendo wa mara 60, kila mmoja wa saa nne. Waliondoka Nyangwe 5 Novemba 1876, wakaingia msituni, na saa nne za msituni hazikuwa zile za mbugani: watu walitambaa chini ya magogo na kukata njia kwa mapanga. Kabla ya mwaka kwisha walikuwa wameshaachana, mwendo wa mara 60 haujatimia. Ukiangalia mkataba ule utaona kwamba haukuhitaji kronomita. Saa ya kawaida, hata mpya, hata inayokimbia dakika nzima kwa siku, ingekosa sekunde 10 tu katika saa nne.

Basi, ukinunua saa mpya, jiulize kwanza unaitaka kwa kazi gani, na utairekebisha kila baada ya muda gani. Ukiwa mtu wa kuitazama simu kila asubuhi na kusogeza mshale, yote niliyoyaeleza hapa hayatakugusa. Ukitaka kuijua saa yako, chukua daftari. Kila siku wakati ule ule, baada ya kuijaza na ikiwa imekaa mkao ule ule, ilinganishe na saa unayoiamini, uandike tofauti kwa sekunde. Usimruhusu fundi aguse kirekebisho cha saa kabla ya mwezi kwisha, kwa sababu atakuwa anarekebisha kitu ambacho bado kinasogea, na utarudi kwake tena. Mwezi ukiisha, ukiona tofauti ya kila siku ni ile ile, iwe ni 3 au ni 12, una saa nzuri, na fundi anaweza kuisogeza karibu na sifuri kwa dakika tano. Ukiona inarukaruka, au inakimbia kwa dakika badala ya sekunde, usingoje mwezi wala wiki. Ipeleke ifunguliwe, uombe kutazama kwa kile kioo wewe mwenyewe.